Visigino Chini

Juzi hapa Same nilimwona kijana akiwafundisha wenzake mazoezi ya kuchuchumaa. "Visigino chini, magoti yafuate vidole," aliwaambia, ikawa kama namsikia marehemu mama.

Nilikuwa bado mtoto, mimi na mama tuko Hedaru kwenye foleni ya unga, jua kali, vumbi la malori likinuka dizeli. Tulikuwa tumelalia na kushindia chai ya rangi isiyo na sukari. Nikalia kwamba tumbo linauma.

"Chuchumaa kama mimi," mama akasema. "Tanua miguu kidogo. Visigino visiinuke, utaanguka. Shuka taratibu mpaka tumbo likae juu ya mapaja. Likibanwa linanyamaza. Atakayeinuka mwisho ndiye mshindi."

Nikaona ni mchezo mtamu. Nilijikunja, na kweli tumbo likatulia.

Baadaye mwenye duka akatoka akikung'uta gunia tupu. "Unga umeisha, jamani. Nendeni nyumbani."

Watu wakaondoka wakinung'unika. Nikasimama, miguu imekufa ganzi. Mama alibaki amechuchumaa, uso kwenye magoti.

"Basi mama, umeshinda," nikamwambia nikicheka, nikimvuta mkono. "Inuka twende."

Akajikunja zaidi.