Ndoo ya Maganda

Husemwa hasidi hana sababu. Fundi alikuwa nayo, tena aliiona kila alipoinua macho kutoka kwenye cherehani: mahindi ya wifi yake. Kule ng'ambo ya ua yalikuwa kijani kibichi, yanampita mtu kimo. Kwake yaliishia magotini, majani yamegeuka zambarau kama ngozi ya mtu aliyepigwa. Na shamba lilikuwa moja! Baba yao alilikata katikati kabla hajafa, nusu kwa Fundi, nusu kwa mdogo wake wa kiume, na mke wa huyo mdogo ndiye aliyeilima.

Wivu ulimla Fundi mpaka akawa anapindisha mishono ya watu. Aliamini amepunjwa. Kila mwaka yeye alinunua mbolea ya mfuko, mwanamke yule hakununua hata konzi, na bado! Tangu mwaka ule mahindi ya wifi yalipomzidi vidole viwili tu, alijitafutia dawa ya moyo. Kila asubuhi alibeba ndoo ya maganda, majivu na mavi ya kuku, akaimwaga juu ya ua ianguke kwa wifi. Miaka minne. Wifi hakulalamika hata siku moja, na hilo lilimuuma Fundi kuliko matusi.

Mwaka huu uvumilivu ukamwishia, akamwita mdogo wake.

"Tubadilishane nusu. Wewe ulipewa udongo, mimi nikapewa kifusi."

"Dada, tumwite bwana shamba apime. Akikuta kwako ndiko kubovu, chukua kwangu, sina neno."

Bwana shamba alichota udongo pande zote mbili, akarudi baada ya wiki tatu na karatasi yake. Fundi alikuwa ameshachagua pa kujenga banda jipya la kuku, kule kwa wifi.

"Mama, fosforasi, ile inayoyapa mahindi mizizi na nguvu, kwako ipo tele. Imezidi hata ya kwa wifi yako."

Mdogo wake akacheka. "Haya, dada. Bado unataka tubadilishane?"

"Tele ipi, na majani yangu yale?" Fundi akafoka.

"Ipo, lakini imeshikwa. Udongo huu mwekundu una chuma, nacho kinaing'ang'ania. Ukiongeza mfuko, kinashika na huo. Ila mboji ikioza humo, inawahi viti vyote kwenye hicho chuma, fosforasi inakosa pa kukaa, mizizi inaiokota." Akamgeukia wifi, aliyesimama kando ya mumewe. "Wewe mboji unaitoa wapi?"

Wifi akatazama chini. "Ananiletea wifi yangu. Kila siku asubuhi. Mimi nafunika tu, naacha ioze."

Miaka minne Fundi alikuwa akiyaonea wivu maganda yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alitoka na ndoo, mkono ukainuka wenyewe kuelekea juu ya ua. Akaushusha. Alipochimba shimo upande wake na kumwaga, zile taka hazikufunika hata chini. Wifi akaja na gunia la mboji iliyoiva, akaliweka miguuni pake.

"Anzia na hii, wifi. Ni yako."

Fundi akapokea, akashukuru kama mtu mzima. Wifi alipogeuka tu, jicho likaruka ua mpaka kwenye lundo la wifi, kuangalia kama mboji iliyobaki kule si nyeusi zaidi.