Korongo la Milembe

Milembe hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, lakini pamba ilimdanganya. Mwaka tisini na tano wanunuzi binafsi waliingia na malori hadi kijijini kwake, nje kidogo ya Lagangabilili, wakigombea pamba kama watu wenye kichaa. Naye akaigeukia ngitili ya marehemu mumewe, Mahona. Yalikuwa malisho ya akiba, yanayofungwa masika yote ili kiangazi ng'ombe wapate nyasi. Enzi za uhai wake, Mahona hakuruhusu jembe liguse pale, na alizikwa juu yake, kwenye kichwa cha mteremko.

Milembe akaingiza plau. Tena, kwa haraka zake, alilima kwa kushuka, toka karibu na kaburi moja kwa moja hadi mtoni, kwa sababu mistari mirefu iliwapunguzia maksai kazi ya kugeuka. Msimu huo alivuna, akaezeka bati, akaonekana mjanja.

Mvua zilizofuata ziliufanya mstari mmoja kuwa mfereji, na mfereji ukawa korongo. Nalo halikukua kuelekea mtoni yalikokwenda maji. Lilikuwa likila ukingo kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kulielekea kaburi.

Alimwita bwana shamba, Paschal. Huyo akachutama ukingoni, akamweleza kwamba nguvu za chini huiinua nchi polepole mno, na maji huikwangua, ndivyo mabonde yalivyochongwa. Kisha akaonyesha kilima cha mawe nyuma ya nyumba.

"Mayu, mama yangu, hata mawe yale yalikuwa chini ya udongo. Hakuna aliyeyapandisha pale. Maji yaliyavua nguo tu."

Milembe akauliza udongo wake utarudi lini.

"Si kwa umri wetu, mayu."

Shemeji yake, Marcelo, alimshauri wahamishe mifupa mapema. Alikataa. Aliona aibu kumfukua mtu na kumweleza sababu.

Mwaka tisini na saba ilinyesha mvua isiyo na adabu. Wanunuzi walikuwa wamehamia kwingine, na pamba ya Milembe ilijaa chumbani, magunia kumi na moja. Alasiri moja ukingo ulibaki hatua mbili kufika kaburini. Alitupa mawe, yakazama. Akatupa matawi ya minyaa, yakaelea. Akabeba mlango wa nyumba, akautupia humo, ukaenda na maji. Ndipo akaanza kuburuta magunia, moja baada ya jingine, akiyasukumia korongoni huku akilia na kumwomba Mahona msamaha kwa sauti. Magunia yakapasuka. Pamba yote, nyeupe, ikateremka mtoni ikifuata mistari aliyoilima mwenyewe.

Asubuhi mvua ilikatika. Marcelo alimkuta amekaa ukingoni, magoti yamejaa tope. Pale alipolala Mahona palikuwa patupu, na chini kabisa lilichomoza jiwe la kijivu, safi, kama yale ya kilimani.

"Jiwe limeanza kutoka," Milembe akamwambia.