Wimbo Wetu Uliposhuka Tambarare

Wimbo ule niliutunga mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu katika ugomvi wote uliofuata kila mtu alizungumza kama mwenye mali, isipokuwa mwenye mali. Niliutunga nikipalilia tangawizi, nikaifundisha kwaya yetu kwa sauti nne, na tulipopata nafasi tukashuka Same kuurekodi pamoja na nyimbo nyingine. Tulitaka kununua kinanda kipya, maana kile cha zamani kilikuwa kinakohoa kuliko kinavyolia.

Tukauza santuri na flashi, si haba. Kisha kamati ikapitisha azimio: mwanakwaya yeyote atakayemrushia mtu nyimbo zetu kwa simu atavuliwa joho. Nilipinga, nikashindwa. Watu wa nje hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, nasi hucheka na kukataa. Siku ile, nilipoitazama mikono iliyonyooshwa juu, nilimwona kabisa ng'ombe akipelekwa mnadani.

Aliyelisukuma azimio lile ni mwenyekiti wetu. Ni mtu mwadilifu, akiokota msumari barabarani atauliza nyumba kwa nyumba ni wa nani, na ndiye besi wetu mkuu. Nampenda na ananiudhi. Alishuka Same kununua mbolea, na alipokuwa stendi akingoja gari la kurudi mlimani akasikia kwaya yetu inaimba, naye mwenyewe akinguruma ndani yake. Sauti ilitoka kwenye sabufa ya kibanda cha dada mmoja anayeuza vocha na kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Akamuuliza amezitoa wapi. Yule dada akajibu bila wasiwasi kwamba zimeletwa na vijana wa kambi ya mkonge, kule njia ya Bendera.

Katika kwaya yetu ni mtu mmoja tu mwenye mtu wake kambi ya mkonge.

Ni binti wa kijiji cha Kisiwani, kule tambarare, aliyeolewa huku juu kwetu. Mumewe alikwenda kukata mkonge mtoto wao akiwa hajaanza kutambaa, yeye akabaki na mama mkwe. Anaimba sauti ya kwanza, na ubeti wa tatu wa wimbo wangu huuanza peke yake. Alikuja nyumbani kwangu kabla sijamwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Ni mimi," akasema. "Nilimrushia baba watoto. Aliniambia anaanza kuisahau sauti yangu."

"Sasa hapo kosa liko wapi?"

"Azimio, Mwalimu. Mwenyekiti amesema Jumamosi nije kikaoni na joho." Akainama, akaokota unyasi, akaukata vipande. "Mkinitoa kwaya nitabaki na kuni na mama mkwe."

Mama mkwe wake namfahamu. Nilimwonea huruma yule binti mpaka nikapandwa na hasira, na hasira ile nikaipeleka moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Wizi ni wizi, Mwalimu," akaniambia hata kabla sijaketi.

Nikamwambia kwamba sisi wawili tumekulia kwenye ndiva, asijifanye mgeni. Ndiva ni bwawa la udongo walilochimba wazee wetu ili maji ya mfereji yakusanyike usiku, asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu. Sheria yake mtoto wa mlimani huijua kabla hajaijua Baba Yetu. Ukija na ndoo kuchota maji ya kunywa na kupikia, hakuna wa kukuuliza kitu, hata kama umefika jana. Ukitaka kuyafungulia shambani kwako, sharti uwe ulitoka mbiu ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ilipolia, ukaingia topeni na wenzako kuzibua. Ndoo ni haki ya mwenye kiu. Mfereji ni wa waliochimba. Sijawahi kusikia hukumu ya haki za watunzi iliyo safi kuliko hiyo, na walioitoa hawakuwahi kuona hata redio.

"Yule binti amemchotea mumewe ndoo," nikasema.

"Na hiyo ndoo imefikaje stendi ya Same?"

Hapo alinibana, sifichi. Nikageukia upande mwingine. Simu yake mwenyewe ilikuwa imejaa kwaya za watu, tangu Mbeya hadi Mwanza, na sikumbuki kumwona akinunua hata moja.

"Hizo nasikiliza nyumbani tu," akasema.

"Ndoo."

Hakucheka. Nami sikujitoa kwenye hesabu hiyo. Programu ninayoandikia nota kwenye kompyuta yangu nilipewa na mwalimu mwenzangu kwenye flashi, na naitumia hadi leo kufundishia watoto wa watu bure. Siku nitakayoanza kuuza vitabu vya nota kwa programu ile, nitakwenda kuinunua. Mpaka hapo nalala usingizi mzuri. Nilimwambia mwenyekiti asimguse binti wa watu mpaka nishuke nikaone kwa macho yangu kama kule chini kulifika ndoo au mfereji.

Nilishuka na lori la tangawizi, nikaanzia stendi. Yule dada wa kibanda alinikaribisha vizuri, akaniuliza napenda nyimbo za aina gani, nikasema za kwaya. Akaniwekea wimbo wangu mwenyewe.

"Hii kali, mama. Sijui ni ya wapi."

Kwenye kioo cha kompyuta yake palikuwa pameandikwa "kwaya mkonge", basi. Si jina la usharika wetu, si la mtu yeyote. Iliniuma. Kuuziwa jasho langu kuliniudhi, lakini kufutwa jina kuliniuma kwenye mfupa. Nikamweleza mimi ni nani na kwamba alichofanya ni kufungulia maji usiku kwenye shamba lake wakati wenzake wamelala. Akaomba radhi, akafuta mbele ya macho yangu. Kama alibaki na nyingine sijui, ila tangu siku hiyo nikipita stendi husimama karibu na kibanda chake nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kambini nilifika Jumapili asubuhi. Wafanyakazi wa pale wametoka kila upande, Kigoma, Songea, Singida, na wengi wao hawana kanisa la karibu, kwa hiyo husali kwenye banda la kuhifadhia singa za mkonge. Nikakaa nyuma kabisa, nimejifunika kitenge. Mwalimu wao wa kwaya ni dereva wa trekta, mtu wa Kigoma. Mbele yake palikuwa na stuli, juu ya stuli jagi la plastiki, na ndani ya jagi simu ndogo, ili sauti ikue. Akabonyeza, wakasikiliza kidogo, akazima. Wakaimba.

Ulikuwa wimbo wangu. Hakuna aliyewaonyesha nota. Walikuwa wameunyonya kutoka kwenye kile kisimu neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Na walikuwa wameunyonya na makosa yake. Siku ya kurekodi, sauti ya pili walidakia ubeti wa tatu mapema, nami nikaropoka, "Ngojeni!" Fundi wa studio akasahau kuifuta. Sasa nikawaona wanafika mwisho wa ubeti wa pili, wananyamaza wote, kisha kwa heshima kubwa, kwa sauti tatu zilizopangika, wanaimba: "Ngojeni!"

Niliuma kitenge nisicheke, na machozi yakanitoka hivyo hivyo.

Lakini kulikuwa na kitu kimepungua. Wanaume wote, hata mabaunsa wenye vifua kama magunia, walikuwa wamejibana kwenye sauti ya tatu, mishipa imewatoka shingoni. Walipomaliza nikasimama, nikajitambulisha. Mume wa binti yetu alikuwepo, akaangalia chini.

"Besi zenu ziko wapi?" nikauliza.

Yule dereva akanitazama kwa upole. "Mama, wimbo huu hauna besi. Tumeusikiliza sana."

Simu ndogo haina kifua. Sauti nyembamba inazitoa, ile nzito inabakia ndani, na jagi haliwezi kuleta kisichotoka. Mume wa binti akasema kwa aibu kwamba yeye alidhani siku ya kurekodi mwenyekiti alikuwa anaumwa.

"Na lile 'ngojeni'?" nikamuuliza dereva.

"Hilo ni neno zito, Mwalimu. Hapa kila mtu anangoja kitu."

Sikumwambia. Kuna masahihisho ambayo mwalimu mwenye akili huyaacha.

Nikawaeleza sheria ya ndiva. Mume kusikiliza sauti ya mkewe, hiyo ni ndoo. Mwenzake chumbani akisikiliza naye, wanywe wote. Lakini wimbo wakiusimamia mbele ya watu kila Jumapili, hilo tayari ni shamba, na shamba lina msaragambo wake: waje juu siku ya mapumziko, wabebe mawe ya nyumba tunayomjengea mchungaji. Na kuanzia hapo wataje umetoka kwaya gani. Kuhusu aliyeupeleka stendi, nikasema ajijue mwenyewe, na atabeba mawe makubwa. Wakakubali palepale, na mmoja nyuma akaanza kujikuna shingo. Walikuja kweli baadaye, na ukuta walioujenga umenyooka kuliko tulioujenga sisi.

Kikao kilikuwa Jumamosi, chumba cha mazoezi. Binti alifika na joho amelikunja vizuri ndani ya khanga, akaliweka mezani mbele ya mwenyekiti, akakaa pembeni na mtoto mapajani. Mwenyekiti akaomba sala, akanipa nafasi. Nikasimulia niliyoyaona, jagi, banda, mawe waliyoahidi. Wengine wakaanza kulegea, ila yeye uso wake ulikuwa umefunga.

"Kwa hiyo wezi tuwapikie na ugali," akasema.

"Kuna kitu hawakukichukua," nikamwambia. "Wamechukua sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Besi wameiacha. Wanaimba bila besi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja nyingine. Nilikuwa na ndiva yangu, nilikuwa na zile kwaya za watu kwenye simu yake, nilikuwa na maandiko. Sikujiandaa kwa uso ule. Alishika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kwa sauti ndogo.

"Hawakuipenda?"

Mtu huyu alikuwa amepiga kelele ya mwizi tangu arudi Same, na kumbe hakuna kilichomwumiza kama kusikia kwamba yeye hakuibiwa.

"Hawajawahi kuisikia," nikasema. "Simu zao haziwezi kuitoa. Wanadhani haipo."

Kisha akamgeukia binti. "Simu yako inarekodi?"

"Inarekodi, baba."

"Lete."

Meza ilikuwa imejaa, basi akalichukua lile joho, akalirudisha mapajani kwa binti, juu ya mtoto, na pale lilipokuwa akaiweka simu. Nikamwambia asogee karibu sana, mdomo usiwe mbali na kioo, na besi yenyewe aipandishe kidogo ili hata kisimu kibovu kiweze kuibeba. Akavua kofia, akaimba. Besi peke yake si wimbo. Ni kama kumsikiliza mtu anayejibu maswali ambayo wewe huyasikii. Aliimba beti zote, akazihesabu kwa kidole zile nafasi za wengine kupita, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika kwenye ubeti wa tatu alitazama upande wa binti, akangoja kwa adabu kama vile anamwacha aimbe, kisha akaendelea.

Alipomaliza alifuta jasho, akamsukumia simu.

"Mrushie mumeo," akasema. "Na umwambie asikae nayo peke yake."