Mama Koki na Moto wa Mtaa wa Juu

Watu wa mji huu hawaelekezani kwa kaskazini na kusini. Wanasema chini na juu, basi. Milima imewazunguka pande zote, na aliyepotea hufuata mteremko mpaka anatokea sokoni. Wa kwanza walijenga chini, kando ya mto, ambako magari yanafika. Chini kulipojaa, waliofuata walianza kupanda, nyumba juu ya nyumba, mpaka wakakaribia usawa wa tangi la maji, lililojengwa enzi ambazo majirani zake walikuwa ngedere.

Ndiyo maana yupo Mama Koki. Jina amepewa na watoto wa mtaani naye amelipokea, kwa kuwa kazi yake ni kuzungusha koki kubwa zilizo ndani ya chemba, chini ya barabara, kwa ufunguo wa chuma unaomfika kifuani. Koki za chini zikiwa wazi, maji yote huishia huko, na watu wa juu hubaki na bomba linalopumua hewa. Akizifunga, maji hupata nguvu ya kufika juu. Kila siku anaugawa mji kwa zamu, na kila siku kuna anayemlaani. Mumewe, fundi wa redio, huwaambia wateja kwamba mji mzima unamwogopa mke wake. Yeye aliwatangulia tu kumwogopa.

Kazi hii ina sharti moja. Koki hufungwa polepole: unazungusha mara moja, unaacha viganja juu ya chuma, unangoja mtetemo utulie, ndipo unazungusha tena. Maji yanayoporomoka kutoka mlimani yakizuiwa ghafla hurudi kwa kishindo na kupasua bomba. Aliyeshika kazi kabla yake alifunga kwa pupa akiwahi harusi ya dada yake. Bomba kuu lilipasuka chini ya soko, na mji ukachota mtoni wiki nzima.

Moto ulitokea kiangazi, mchana, saa ambayo bonde likishapata joto upepo huanza kupanda mlima. Ulianzia kwenye karakana ya magodoro, mtaa wa juu. Gari la zimamoto lilikwama pale barabara inapogeuka kuwa ngazi. Vijana wakavuta mpira hadi kwenye bomba la mtaa, wakafungua, wakapata hewa.

Mhandisi wa maji alipopiga simu, Mama Koki alikuwa ameshafunua chemba ya stendi. Walikubaliana haraka: stendi kwanza, kisha soko, kisha maofisini, na asifanye haraka, maana bomba likipasuka hakuna tone litakalofika juu. Jambo ambalo mhandisi hakulijua ni kwamba jirani wa karibu wa karakana ile alikuwa binti wa Mama Koki, fundi cherehani, na vyombo vyake vyote vya kazi vilikuwa nyumbani.

Stendi ilikuwa imefungwa, naye Mama Koki yuko kwenye chemba ya soko, mkwe wake alipofika kwa pikipiki. Kijana huyu akimwamkia mama mkwe huwa anaangalia viatu vyake mwenyewe. Siku hiyo alimtazama usoni na kushika ufunguo.

"Mama, nipe nizungushe mimi. Wewe unaibembeleza hiyo koki."

"Toa mkono, baba."

"Mwanao yumo ndani anaokoa cherehani. Nimemvuta, amekataa. Unanisikia?"

Alimsikia. Akazungusha mara mbili bila kungoja, na alipoanza ya tatu bomba likapiga chini ya miguu yao, kishindo kimoja kizito kilichogonganisha vikombe kwenye kibanda cha muuza chai. Muuza chai akalikumbatia birika lake. Mama Koki akatulia, viganja juu ya chuma. Mtetemo ukapungua, ukasita, ukaisha. Mkwe alikuwa analia, naye hakumgeukia.

"Rudi ukamtoe," alisema. "Mbebe, hata akikung'ata. Hapa mimi sina haraka ya kukupa."

Pikipiki ikaondoka. Alimaliza soko, akakimbia hadi maofisini, akafunga vilevile, mara moja na kungoja, mara moja na kungoja. Karani mmoja alitoka na povu la sabuni mikononi kuuliza maji yamekwenda wapi. Alimwonyesha moshi kwa kidevu.

Maji yalipofika juu, paa la binti lilikuwa limeshaanguka. Safu iliyofuata ilipona, pamoja na nyumba zote za juu yake hadi msituni. Binti alishushwa ngazi begani mwa mumewe, akimpiga ngumi za mgongo. Alikuwa ameokoa cherehani moja.

Sasa wanakaa chini, katika chumba cha nyuma cha wazazi. Jioni moja, akikunja nguo za kuazima, binti aliuliza mbele ya baba yake.

"Mama, ungeweza kufunga haraka zaidi?"

"Ningeweza."

"Na bomba?"

"Labda lingevumilia. Labda lisingevumilia."

Fundi wa redio alitaka kutia neno, mkewe akamzuia kwa mkono. Binti alimaliza rundo la nguo. Alisema anajua wangapi wamepona, asihesabiwe; majirani wameshamhesabia vya kutosha. Lakini wakipata mabati watajenga palepale juu, kwa sababu hapa chini kila asubuhi anamsikia mama yake akitoka kwenda kazini, na bado hajaweza kumwambia nenda salama.