Mayai ya Matembe wa Robanda

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kewanja, nilifika kabla mama mwenye banda la kuku hajaamka, nikaanza kufagia uwanja ambao haukuwa na uchafu. Ndivyo nilivyo. Mama huyo alipotoka na kukuta nafagia, alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Bhoke, kuku hawakagui uwanja," akasema. "Wape maji."

Sikusomea ufugaji. Niliyoyajua niliyapata redioni na kwenye simu, na kila mgeni akiingia getini niliogopa ataniuliza cheti. Mwezi uliopita nilikabidhi kazi yangu ya mwisho, ya Robanda. Sijazeeka, lakini vijana walionipokea wananiita mstaafu na wameniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya. Aya hii nimeifuta na kuiandika upya tangu asubuhi. Basi, ibaki hivi.

Kwa yule mama nilijifunza kumjua tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga. Akikaribia kutaga, upanga wake, ile nyama ya kichwani, unageuka mwekundu. Ukimgusa mgongo anachuchumaa badala ya kukimbia. Anaanza kuingia kila kona akitafuta pa kutagia, kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Mayai yake ya kwanza ni madogo, ganda gumu, mara nyingine kiini hakimo. Mwili bado unajifunza kazi. Hayo niliyajua vizuri, lakini kuyajua hakukunizuia kuogopa.

Kutoka Kewanja nilihamia Robanda, kwenye kambi ya watalii iliyo jirani na hifadhi. Meneja alitaka kuku wa huria, wanaoshinda kwenye majani wakiokota wadudu na kurudi bandani jioni. Banda lilikuwa na magurudumu, tukilisogeza kila majani yalipoisha. Matembe niliwalea mwenyewe tangu vifaranga. Mpishi Mkuu alikuwa mzee wa palepale Robanda, mcheshi, na kila asubuhi aliniuliza, "Mwanangu, hao wasichana wako wataanza kazi lini?"

Walipoanza, nilipanga mayai kwenye trei, nikayageuza yote yaangalie upande mmoja, nikayapeleka jikoni nikiwa nimevaa nguo ya kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alishika moja, akaligonga kwa kucha, akalinusa. Cheko likapotea usoni mwake. "Bhoke. Haya ni ya kanga."

"Ni ya matembe wangu, mzee."

"Mimi nimekulia hapa. Dogo, gumu, rangi ya maziwa ya chai. Umeyaokota hifadhini?"

Wageni wa mjini wangeona ni neno dogo. Kwa Robanda si dogo. Kuokota mayai ya ndege wa porini ni kosa, na kambi ikikutwa nayo jikoni inaweza kufungwa. Meneja aliposikia alisema mambo mawili tu: trei isiguswe, na aitwe askari wa wanyamapori. Kama mayai yangekuwa ya kanga, ningefukuzwa kazi, na huenda ningelala kituoni.

Askari alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea. Aliyatazama mayai kwa muda mrefu. "Dada, sitaki kukuonea," akasema. "Nionyeshe kuku akitaga."

Basi tukaenda. Meneja, Mpishi Mkuu na kofia yake nyeupe, askari na mimi, tukakaa kwenye majani mbele ya viota. Tembe mwenye upanga mwekundu kuliko wote aliingia kiotani, akatuona, akatoka. Akaingia tena. Akatoka.

"Ana aibu," Mpishi akanong'ona. "Nani anaweza kufanya haya mbele ya serikali?"

"Mzee, vua kofia," askari akamjibu. "Anadhani umemfuata yeye."

Meneja alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikijiuliza kama niliweka pumba ya kutosha, kama niliwasumbua kwa kufagia sana, kama kweli nilikuwa mfugaji au nilijidanganya miaka yote.

Tembe akaingia mara nyingine, akachuchumaa, akasimama nusu. Yai likadondoka kwenye majani makavu, dogo kama limau, bado lina unyevu. Unyevu ule ukakauka tukiutazama. Kisha akatoka nje akipiga kelele za kujisifu, zile zinazomfanya aitwe mtetea.

Askari aliliokota. "Lina joto," akasema, akampa Mpishi. Mzee alilishika kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu, nisamehe. Na wewe, binti," akamwambia kuku, "nisamehe."

Kwa udogo wa mayai yale, wageni walipikiwa mawili mawili badala ya moja, na kwa majuma machache mayai yakakua yenyewe bila mimi kuyahangaikia, ingawa niliyahangaikia. Jina la Mama Kanga likaniganda kambi nzima.

Sasa nipo Issenye na banda langu mwenyewe. Jana tembe wa kwanza alitaga, yai dogo mno. Nililipima kwa macho, nikaanza kutafuta kosa langu. Kisha nikampigia simu yule mzee mpishi nimweleze.

"Dogo kiasi gani?" akauliza.

"Kama la kanga."

"Basi liko sawa," akasema, akakata simu akicheka.