Siku Tulipopeleka Mtumbwi wa Pombe Ukweni

Nakumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, kule Igurwa, nilipopeleka mtumbwi wa pombe ukweni kwa trekta. Vuta hicho kigoda ukae, uji wako unywe taratibu. Kesho unakwenda Kaisho na trekta la kikundi, na sitaki uondoke kabla hujasikia habari hii.

Wakati huo nilikuwa msichana wa umri kama wako. Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimenunua trekta dogo la mtumba, lenye mikono miwili ya kunyanyulia mbele. Ukitaka kuzoa samadi unafunga kijiko. Ukitaka kubeba unakitoa kijiko na kufunga uma, vile vyuma viwili virefu, bapa, vinavyoingia chini ya paleti ya mbao na kuinyanyua pamoja na vyote vilivyopangwa juu yake. Watu walidhani uma zile ni za magunia ya kahawa tu. Mimi ndiye niliyekuwa dereva, na kabla msimu haujaisha nilikuwa nimebeba mikungu ya ndizi, magogo ya kuni, mawe ya msingi wa nyumba ya katekista, mizinga ya nyuki, hata banda la kuku likiwa na kuku wake ndani. Mmoja alikuwa ameatamia mayai, na safari nzima hakuinuka. Mpaka leo nikimkumbuka kuku yule nacheka peke yangu.

Basi kijana mmoja wa pale kijijini, Deus, alikuwa anaoa ng'ambo ya bonde. Aliyemlea ni bibi yake, Bibi Leokadia, mjane, na mali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mtumbwi wake. Wewe umekulia mjini, huenda hujauona. Si mtumbwi wa majini. Ni gogo zima lililochongwa, la kukamulia ndizi mbivu za kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Marehemu mume wake aliuchonga kwa mkono wake, na ndani ulikuwa umelainika kama ngozi kwa miguu ya wanaume waliokanyaga ndizi humo miaka na miaka. Bibi alikuwa ameamua kumpa mke wa Deus uwe wake. Zamani vijana wangeubeba mabegani, lakini vijana wenye mabega walikuwa wametawanyika kutafuta kazi, na waliobaki walikuwa na baiskeli. Gogo refu kuliko kitanda utalifungaje kwenye baiskeli?

Bibi alinikuta nikipaka grisi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akalizunguka trekta lote kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Mwana wange," akasema, "haya meno mawili yanaweza kuubeba mtumbwi wa mzee wangu bila kuuchubua?"

"Yanaweza, Bibi. Nitayafunika kwa magunia."

"Haya. Ukiuvunja usirudi kuniambia. Nyoosha tu mpaka Uganda."

Siku yenyewe ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia imegeuka uji mwekundu. Msemaji wa upande wetu alikuwa Gozibert, baba mdogo wa bwana harusi, mtu mcheshi, mwenye suti ya kijivu na sauti ya kusikika kijiji cha pili. Alitaka tupakie kila kitu mara moja: madumu ya rubisi yajazwe ndani ya mtumbwi, mtumbwi uwekwe juu ya uma, tuondoke. Wakwe wanatusubiri, akasema, na kule ukichelewa unapigwa faini ya mbuzi.

Nikamwambia trekta ni dogo. Ukilizidishia mbele, magurudumu ya nyuma yanainuka, na yakishainuka breki hazina kazi tena. Nitakwenda mara mbili. Akaguna, akasema mimi ni mwoga. Vijana wakacheka. Mwanangu, nilikuwa na umri wa kuumia nikichekwa, na masikio yaliniwaka moto, lakini nilipanga madumu kwenye paleti, nikayafunga kwa kamba, nikayapeleka ng'ambo na kurudi salama.

Zamu ya mtumbwi ikafika. Nilizitanua uma kadiri zilivyoweza kutanuka, nikauweka mtumbwi katikati, nikaulaza nyuma kidogo uegemee, nikaufunga kwa kamba ya manila. Nyuma ya trekta nilikuwa nimening'iniza sanduku la mawe ili uzito ulingane. Nikaunyanyua mpaka pale tu ambapo haugusi ardhi. Kugeuka, namwona Gozibert amevua viatu anapanda kuketi ndani. Alikuwa ameshaonja rubisi.

"Niinue juu," akasema. "Nataka wakwe waone mashua inakuja, na nahodha ndani yake."

Vijana wakashangilia, mmoja akaanza kupiga ngoma. Kwa kweli ilichekesha, hata mimi nilicheka. Bibi Leokadia pekee ndiye hakucheka. Alikuja na mwavuli wake, akasimama mbele ya uma mpaka ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Gozibert," akasema polepole, "nimevaa kitenge changu cha harusi. Sikuvaa nguo ya msiba. Shuka humo."

"Mama, natania tu."

"Najua. Shuka, kisha utanie ukiwa chini."

Akashuka.

Kuteremka bonde niliteremka kinyumenyume, mzigo ukiangalia mlimani, maana ukishuka kwa mbele na uzito ule trekta linataka kupiga kichwa. Gozibert akauliza, kwa sauti ya chini safari hii, kama nakusudia kuingia ukweni kwa makalio. Tulipofika chini nikageuza, tukaanza kupanda upande wa pili, watu wakitembea pembeni, mbali na trekta kama nilivyowaomba.

Karibu na juu, magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Trekta likarudi nyuma, likavuta upande, upande wenye mteremko na kibanja cha migomba cha watu chini yake. Nilisikia mwanamke mmoja akimtaja Bikira Maria. Mkono wangu ukasukuma wenzo mbele, uma zikashuka, ncha zake zikazama kwenye tope, na mtumbwi ukakaa chini taratibu kama kuku yule juu ya mayai yake. Trekta likasimama. Kama mzigo ungekuwa juu, mwanangu, na mtu ameketi ndani, tungelala wote kwenye migomba ile, sijui nani angeamka.

Gozibert alimtazama Bibi, akautazama mtumbwi. Kisha akavua koti la suti, akampa Deus alishike, akaingia kibanjani akaomba ruhusa kwa mwenyewe, akaanza kukata majani makavu ya migomba na kuyatandika chini ya magurudumu. Aliyatandika kwa mikono, akipiga magoti kwenye tope. Tukatoka.

Tulifika tumechelewa sana. Mzee Silvesta, baba wa binti, alikuwa amesimama mlangoni na watu wake, akatuuliza tuna maneno gani ya kujitetea. Msemaji wetu akasogea mbele, suruali ya kijivu ikiwa nyekundu mpaka mapajani.

"Mzee, tusamehe," akasema Gozibert. "Dereva wetu ni mwoga. Ndiyo maana tumefika."

Mzee Silvesta alitazama suruali, akatazama mtumbwi usio na mchubuko, akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Mbuzi wa faini hakutajwa tena. Bibi Leokadia akamshika bibi harusi mkono, akaupitisha ndani ya mtumbwi ili ausikie ulivyo laini, na yule binti akalia kidogo, kilio cha furaha.

Basi nakuachia haya. Mzigo uwe chini wakati wote, uegemee nyuma, na uma zitanuke. Weka uzito nyuma ya trekta. Usimbebe mtu juu ya uma, hata akiwa padri, hata akikubembeleza. Njia ikiwa mbaya nenda mara mbili. Saa moja ya kuchelewa husahaulika kabla pombe haijaisha. Ukiegesha, shusha uma ziguse ardhi. Na wakikucheka, cheka nao, ila mkono wako usiache kufanya unachokijua.

Mungu akutangulie kwenye milima ya Kyerwa. Akupe jicho la kuona tope kabla ya kulikanyaga, akupe watu wa kukutandikia majani ukikwama, na kila jioni akurudishe na vidole vyako vyote. Haya, malizia uji.