Maneno Kumi na Mawili na Mahindi ya Bibi

Nakumbuka Jumamosi ile, saa tisa na robo alasiri, niliposema uongo bila kufungua mdomo.

Mwanangu, usishangae kuitwa hivyo na mtu wa kidato cha tatu. Mimi ni mdogo wake mama yako, basi ni mama yako mdogo, na wewe leo una miezi minne tu. Nakuandikia kwenye daftari kwa sababu kwa mdomo naona haya, hata mbele yako.

Mama yako anafuma masweta hapa Makambako. Mteja mmoja wa nje alimlipa kwa sarafu za mtandaoni, naye akaziacha kwenye pochi ndani ya kompyuta, akiba ya kununulia mashine ya kufumia. Pochi hiyo ina maneno yake ya siri kumi na mawili ya kuifungulia. Kompyuta ikifa, mwenye maneno bado ana akiba yake. Asiye nayo hana hata ofisi ya kwenda kulalamika. Mimi ndiye niliyeyanakili kwenye karatasi, nikaambiwa niyajaribu.

Siku hiyo baba yako alikuwa akiiuza kompyuta ile, maana walishanunua nyingine. Dereva wa lori aliyeinunua alisimama mlangoni akisubiri. Baba yako akaniuliza, "Shemeji, yale maneno umeyajaribu?" Sikuwa nimeyajaribu. Lakini kujieleza mbele ya mgeni, mimi? Nikaitikia kwa kichwa. Akafuta kila kitu, wakatoka pamoja na dereva.

Jikoni, bibi yangu aliyekuja kutoka Kifanya kukulea alikuwa akichagua punje kumi kutoka gunia la mbegu ya mahindi. Alizifunga kwenye kitambaa kibichi, akaziweka karibu na jiko aone kama zitaota. Nikamuuliza anajaribu nini wakati mbegu kaihifadhi mwenyewe.

"Wanasema akiba haiozi," akasema. "Mimi nimeiona ikioza kwenye gunia zuri kabisa. Mbegu ni ile uliyoiona imeota."

Nikaikumbuka karatasi yangu, nikamweleza. Bibi kompyuta haijui, ila mjukuu mwenye kosa anamjua. Akaniambia mficha uchi hazai, nimwendee mwenye mali kabla hajagundua mwenyewe. Mama yako hakunigombeza. Aliweka sindano chini, akasema, "Yajaribu sasa. Nimekaa hapa."

Mwalimu wa klabu yetu ya kompyuta alikuwa ametugawia programu ya kujaribia pochi. Haina picha wala vitufe: ni dirisha jeusi, unaandika amri, linakujibu kwa maandishi. Nikaifungua kwenye kompyuta mpya, nikachomoa modemu, maneno yasije yakatoka nje. Kwanza nikajaribu pochi ya mazoezi, isiyo na kitu ndani. Ikafunguka. Kisha nikaingiza maneno ya mama yako. Dirisha likajibu kwamba si sahihi. Nikarudia, jibu lilelile. Mama yako akaanza kukunyonyesha, na wewe ulikuwa umelala.

Kwenye karatasi maneno yalikuwa katika safu mbili, sita na sita, nami niliyasoma kwa kukatisha, kushoto kwenda kulia. Bibi, aliyekuwa ametoka jikoni kututazama, akauliza kwa nini narukaruka. Shambani mtu humaliza tuta moja ndipo aanze lingine. Nikaandika upya, safu moja hadi chini, kisha ya pili. Ikatokea anwani ya pochi, ileile ambayo mama yako alimpa mteja atumie malipo.

"Imeota?" bibi akauliza.

"Imeota, bibi."

Mama yako alicheka mpaka ukaamka. Mimi nikakaa chini sakafuni.

Basi mwanangu, ulichohifadhi kijaribu ungali na pa kurudi, na anza na kisicho na thamani. Maneno ya pochi usimpe mtu. Lakini neno "bado" mpe yeyote anayekuuliza. Ni fupi, na kutolisema kwangu nusura kumgharimu mama yako mashine. Mungu akupe mikono yenye uaminifu na mdomo usioogopa, na ukikosea akuweke karibu na watu kama hawa.

Baba yako alirudi tumeshalala. Asubuhi yake nilimpelekea chai, nikasimama badala ya kukimbilia jikoni, nikasema, "Shemeji, jana nilikudanganya." Nikamweleza yote mpaka mwisho.

"Kumbe una sauti," akasema. "Mwaka wa pili huu, nilijua nimepewa shemeji bubu."

Nikaketi, nikanywa chai mezani pamoja nao.